Kijana wa Fizi na Barua ya Dalali

Kisa hiki nimekitunga, ila sheria zilizomo ni za kweli, na kosa lililomo ni la aina tunayoitenda kwa nia njema kabisa.

Kijana alivuka Ziwa Tanganyika usiku, akitokea Fizi, Kivu Kusini, baada ya wenye bunduki kuchoma kijiji chao. Kigoma hakujieleza kwa mtu. Akadandia malori hadi Singida, kisha Babati, akapata kibarua cha kupakia magunia ya mahindi.

Mama mwenye nyumba alimwonea huruma. Kijana alipomuuliza kama aende serikalini, mama akamkatiza: "Mwanangu, ukijipeleka watakufunga. Tulia. Akikuuliza mtu, sema wewe Muha wa Kasulu." Dalali mmoja wa stendi akamalizia kazi. Akamuuzia barua ya utambulisho yenye jina jipya, na kumkaririsha shule ya msingi ambayo kijana hajawahi hata kuiona.

Hapo ndipo alipoharibikiwa. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze ndani ya siku 7 tangu aingie nchini, kwa ofisa aliyeidhinishwa, mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani aliye karibu. Nao Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 31, unakataza mkimbizi aliyetoka moja kwa moja hatarini kuadhibiwa kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze bila kuchelewa. Kinga ilikuwepo. Mama alimzuia asiifikie.

Na linaloniuma zaidi ni kwamba ukweli wake ungetosha. Mkataba wa OAU wa 1969, ambao sheria yetu imeubeba, unamtambua hata anayekimbia vita iliyovuruga sehemu tu ya nchi yake. Hatakiwi kuthibitisha kwamba alitafutwa yeye kwa jina.

Miezi ikapita, maofisa wa Uhamiaji wakamkamata. Akatoa barua. Wakamuuliza: mwalimu mkuu wa shule hiyo alikuwa nani? Kimya. Mama naye alipoulizwa akashikilia kwamba mpangaji wake ni Muha, na hivyo shahidi pekee aliyejua siku kijana alipobisha hodi akajifuta mwenyewe. Angemsindikiza kwa mtendaji siku ile, wakakaa wote kwenye benchi, neno lake lingekuwa na uzito.

Mahabusu, kijana akasema yote kuhusu Fizi. Kamati inayochambua maombi na kumshauri Waziri wa Mambo ya Ndani haiwezi kwenda kukagua majivu ya kijiji. Inapima maneno: ulivuka mwezi gani, ulishukia mwalo upi, nani alikuwa nawe mtumbwini? Swali hurudi kwa sura nyingine. Kuchanganya tarehe kunavumilika, maana aliyekimbia risasi hasomi kalenda, na mwongozo wa UNHCR unataka shaka imnufaishe mwombaji ambaye maelezo yake yanashikamana. Lakini faili la kijana huyu lilikuwa na majina mawili, wilaya mbili za kuzaliwa na barua ya kughushi.

Ombi likakataliwa. Hakuna mjumbe aliyebisha kwamba Kivu kuna vita. Walishindwa kujua kama yeye ndiko alikotoka.