Kuzaliwa Usiku na Kuzaliwa na Usiku: Suala la Nasaba ya Uovu

Katika Theogonia, utungo wa yapata karne ya 8 au ya 7 K.K., Hesiod anaeleza asili ya ulimwengu kwa lugha ya uzazi. Usiku, aitwaye Nyx na Wagiriki na Nox na Warumi, anatokea katika Ombwe la mwanzo. Anakutana na Erebus, giza la kuzimu, na kuwazaa Anga Angavu na Mchana. Baadaye, pasipo mume, anazaa kizazi cha pili, wakiwemo Mauti, Usingizi, Ndoto, Lawama, Dhiki, Kisasi, Hadaa, Uzee na Ugomvi. Penzi naye yumo, amebanwa kati ya Hadaa na Uzee, na ni rahisi msomaji kumpita bila kumwona.

Nasaba ya namna hii ni hoja. Kusema kwamba Ugomvi ni mwana wa Usiku ni kudai kuwa tabia ya mtoto hufafanuliwa na asili ya mzazi. Hapa ndipo suala la kimaadili linapozuka, na Kiswahili hulidhihirisha kwa neno moja dogo: kuzaliwa usiku si kuzaliwa na Usiku. Kauli ya kwanza yataja wakati. Ya pili yataja chanzo, na kwa hiyo yakaribia kutaja hatia. Hesiod anauvuka mpaka huo bila kutoa sababu.

Msomaji wa Hesiod aliye Eldoret hahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi wa kumpinga. Daftari la mahudhurio darasani latosha. Miongoni mwa Wakalenjin, mvulana aliyezaliwa usiku huitwa Kipkemoi au Kipkemboi, na msichana Chepkemoi, kama vile Kipkoech alivyo mwana wa mapambazuko. Waluo wana Otieno na Atieno. Wakamba wana Mutuku. Katika majina haya usiku ni saa miongoni mwa saa. Hakuna anayemdai Kipkemoi maelezo, wala posa haivunjiki kwa sababu mchumba ni Atieno.

Isidhaniwe kwamba jamii hizi haziogopi giza. Jajuok wa Waluo, anayekimbia usiku na kuwasumbua waliolala, ni mhusika anayefahamika sana katika masimulizi. Hata hivyo, anayelaumiwa hapo ni mtu mwenyewe. Giza ni vazi lake, si mamaye.

Fikra iliyo karibu na ya Hesiod imesalia mahali ambapo mhakiki wa fasihi hatazamii kuikuta: katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Humo usiku ni muda wa kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuvunja nyumba mchana kwa nia ya kutenda uhalifu kwaweza kumtia mtu gerezani kwa miaka 7. Kosa lilo hilo likitendwa usiku, miaka 10. Usiku peke yake, basi, una uzito wa miaka 3. Mtetezi wa sheria atajibu kwamba kinachopimwa ni udhaifu wa mtu aliyelala, na jibu hilo si la kupuuzwa. Lakini lau ndivyo, mlinzi wa usiku anayelala chumbani mwake Langas saa nane mchana angepewa kinga iyo hiyo. Hapewi. Sheria imeitazama saa, haikumtazama mtu.

Wagiriki wenyewe hawakuwa na kauli moja. Katika Iliad, Usingizi anasimulia jinsi Zeus alivyotaka kumtupa baharini kutoka mbinguni. Akamkimbilia Usiku, na Zeus, pamoja na ghadhabu yake yote, akajizuia asije akamuudhi. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 B.K., aliona huko Olympia sanduku la kale lenye sura ya mwanamke aliyewapakata watoto wawili, mmoja mweupe aliyelala, wa pili mweusi anayefanana na aliyelala. Maandishi yaliwataja kuwa Mauti na Usingizi, na Usiku kuwa mlezi wao. Mlezi, si chanzo: neno hilo linabadili mengi, kwani mlezi hupokea mtoto ambaye pengine hakumzaa.

Cicero naye, katika kitabu chake cha mwaka 45 K.K. kuhusu asili ya miungu, anamfanya mhusika wake Cotta ahoji kwamba, ikiwa Anga na Mchana ni miungu, basi Hadaa, Hofu na ndugu zao wengine nao hawana budi kupewa uungu. Cotta alikusudia kuonyesha udhaifu wa itikadi, lakini hoja yake yaweza kugeuzwa. Ikiwa nasaba ndiyo hurithisha uovu, Mchana naye katoka tumbo lilo hilo, na Ugomvi ni mdogo wake.

Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta hifadhi, wengi wao wanawake na watoto. Ilikuwa mchana. Waliolichoma hawakungoja giza. Anayefundisha nasaba ya Hesiod mjini humo hana budi kuuliza Ugomvi wa siku ile alizaliwa na nani, kwa maana Usiku hakuwapo.