Asiyefumbua Fumbo

Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Ndivyo isemavyo methali, na watu wa pwani, hasa wapenzi wa ushairi, wanaipenda kwa kuwa inawatukuza wawili kwa mpigo mmoja: aliyelifunga fumbo na aliyelifungua. Lakini ndani yake mna hukumu ambayo aghalabu haihojiwi. Wanadamu wamegawanywa mafungu mawili, werevu na wajinga, na aliyeshindwa kufumbua amekwishatiwa katika fungu la pili kabla hajaulizwa kitu. Je, hakuna mtu wa tatu? Hakuna mwenye akili timamu, pengine kali kuliko za jirani zake, ambaye hulipokea neno kama lilivyotamkwa wala halitafutii jingine nyuma yake? Mtu huyo yupo, na mahali anapojulikana vyema zaidi ni ndani ya ndoa.

Ichukuliwe mfano nyumba moja isiyo nyumba ya mtu yeyote mahsusi. Mke amefiwa na shoga yake wa utotoni. Jioni mume anarudi kazini, anamwuliza hali, naye anajibu, “Salama.” Jibu hilo kila Mswahili analijua. Mtu huitikia salama hata akiwa na msiba kifuani, kwani salama ni mlango wa mazungumzo, na msikilizaji hutarajiwa kuusikia msiba katika sauti. Mume huyu amesikia salama, basi amejua kuwa ni salama. Amekula, ameosha sahani yake, amekwenda kuitengeneza redio iliyoharibika. Siku ya pili mke hali chakula. Siku ya tatu anajifunga kanga yenye maneno ya kuwalaumu wasio na huruma, anapita nayo mbele ya mumewe mara mbili. Mume anayasoma maneno yale, kisha anamweleza mkewe kwamba pindo la kanga limechapwa upande. Mke anakwenda kwao kulia. Huko anakumbushwa kuwa akufukuzaye hakwambii toka. Mambo yanapofichuka, mume anauliza kwa mshangao wa kweli, “Mbona hukunambia?” Naye mke anajibu, “Nikwambie nini, nawe una macho?”

Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo penye swali. Baina ya mke na mume, nani mwenye deni: asiyesema, au asiyefahamu kisichosemwa?

Hali ya watu wa namna ya mume huyu ina jina: usonji. Neno la kitaalamu la Ulaya lilitungwa na Eugen Bleuler wa Uswisi mnamo mwaka 1911, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, ingawa yeye alikuwa akieleza dalili ya maradhi mengine. Mwaka 1943 Leo Kanner, akiwa Baltimore nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11, na mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna akaandika za watoto wengine waliokuwa hodari wa maneno lakini wageni kwa wenzao. Kwa miaka mingi usonji ulidhaniwa kuwa ni jambo la watoto tu. Mwaka 1981 daktari Mwingereza Lorna Wing aliifufua kazi ya Asperger, na mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukazikusanya hali hizo chini ya wigo mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 alikuwa na usonji. Wengi katika hao ni watu wazima, na wako waliokwisha kuoa au kuolewa na kupata wajukuu bila ya wao wala wenzao kulijua jina la kile wanachoishi nacho.

Usonji hauwi namna moja kwa watu wote. Yuko anayeumizwa na kelele za harusi kama mwingine anavyoumizwa na moto. Yuko ambaye ratiba yake ikivunjwa siku nzima humharibikia. Wengi huona tabu kuusoma uso, kuipima sauti, kuijua dhihaka, na kulisikia neno lililojificha ndani ya neno. Hili la mwisho lingekuwa jambo dogo katika jamii isemayo wazi. Katika jamii ambayo kanga husema, taarabu husema, na kununa kwenyewe ni waraka mrefu, halikosi kuwa zito.

Yako maneno ya upande wa mke, na yana uzito wake. Atasema kwamba huruma iliyoagizwa haina ladha ya huruma. Akilazimika kusema “nifariji”, basi faraja itakayokuja ni utiifu, si mapenzi. Anayependwa hujulikana bila ya kujieleza, na yeye amechoka kujieleza. Maneno haya yasipuuzwe, kwani yanatoka katika upweke wa kweli: upweke wa kulala pembeni mwa mtu mwema asiyeona chozi.

Hata hivyo, hoja hiyo imeyafunga pamoja mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. Kuna kutambua, na kuna kujali. Kutambua ni kujua kuwa mwenzio ana huzuni, na kujali ni kuinuka kwa ajili ya huzuni hiyo baada ya kuijua. Mume wa mfano huu, alipoambiwa, aliiacha redio wazi nyaya zikiwa nje, akaketi na mkewe hadi alfajiri, bila ya maneno mengi, kwa kuwa hakuwa nayo. Alipungukiwa na jambo la kwanza, hakupungukiwa na la pili. Na kinyume chake kipo. Fundi wa mafumbo huzisoma nyuso upesi, na ndiyo sababu anajua hasa pa kuuchoma mwiba. Ikiwa mtu aweza kuusoma moyo wa mwenzake na kuudhuru, basi kusoma moyo si mapenzi. Ni chombo tu ambacho mapenzi hukitumia yakikipata.

Zaidi ya hayo, haielekei kuwa kutofahamu ni kwa upande mmoja. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alitoa hoja kwamba baina ya mwenye usonji na asiye nao kutofahamiana ni kwa pande mbili: huyu hamsomi yule, na yule hamsomi huyu, ila mwenye usonji peke yake ndiye anayeitwa mwenye upungufu. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh wakiongozwa na Catherine Crompton waliwapa watu hadithi waipokezane, mmoja kwa mwingine. Ilipopita katika kundi lililochanganya watu wa aina mbili ilipotea zaidi, ilhali wenye usonji watupu waliipokezana sawasawa na wasio nao. Uchunguzi mkubwa zaidi wa mwaka 2025 haukuiona tena tofauti hiyo ya kundi mchanganyiko. Lakini katika uchunguzi wote wawili, wenye usonji walipokuwa peke yao hawakuwa nyuma ya mtu.

Ikirejewa nyumba ile, hoja ya Milton inaleta swali kwa mke pia. Kila alfajiri mumewe huamka kujaza madumu kabla maji ya bomba hayajakatika. Hajakosa siku moja, hata siku za homa. Mke ameichukua kuwa ni tabia ya mtu mwenye ratiba. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa yao alipata kusema, mara moja tu, kwamba hapendi kuoga kwa maji ya kubana. Neno lile lilisemwa wazi, likasikiwa, na tangu hapo limekuwa likijibiwa kila alfajiri. Hilo nalo lilikuwa fumbo, na mwerevu hakuligangua.

Ndoa yenyewe, kwa watu wa visiwa hivi ambao wengi wao ni Waislamu, imejengwa juu ya usemi wa wazi. Haifungwi kwa ishara wala kwa jicho. Walii hutamka kuoza, mume hutamka kukubali, na mashahidi wawili husikia. Kweli, wanavyuoni wamefundisha pia kuwa bikira anapotakwa shauri, kimya chake huhesabiwa ridhaa, kwa kuistahi haya yake. Kimya basi kina heshima yake mlangoni mwa ndoa. Lakini kimya kile kimewekewa maana inayojulikana kabla, na kila aliyehudhuria anaijua. Hakuachiwa mtu akibahatishe.

Wapenzi wa ushairi huenda wakahofu kwamba hoja hii inaliua fumbo. Hailiui. Inalirejesha kwenye adabu zake. Katika mchezo wa vitendawili, mtegaji haanzi kwa kutega. Husema kwanza “Kitendawili!” na hungoja aitikiwe “Tega!” Wakishindwa, huomba mji, nao humpa mji, pengine Unguja yote au Mombasa nzima, kisha yeye hutoa jibu. Hapo kuna sheria tatu ambazo wazee hawakuziandika: mfumbiwa aridhie kufumbiwa, aliyeshindwa akubali ameshindwa, na mtegaji, akishapewa mji, asilifiche jibu. Hakuna mtoto aliyepata kufukuzwa barazani kwa kushindwa kitendawili.

Fumbo la nyumbani aghalabu hukosa sheria zote hizo. Hutegwa bila ya tega, kwa mtu asiyejua kuwa mchezo umeanza, na akishindwa huhukumiwa. Na mume aulizapo “Mbona hukunambia?”, yafaa swali lake lisikiwe kwa sikio la mchezo ule: ameshindwa na ametoa mji. Anachongoja ni jibu.

Hapa ni lazima mpaka uwekwe, kwani hoja ya namna hii ni rahisi kugeuzwa fimbo. Kutojua kabla ya kuambiwa si kosa. Kudharau baada ya kuambiwa ni kosa, na usonji hauliondoi. Mwandishi wa Marekani David Finch, aliyetambuliwa kuwa na hali hiyo miaka kadhaa baada ya kuoa, alieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 2012 jinsi alivyokuwa akijiandikia kanuni ndogo ndogo za kuishi na mkewe, mpaka yale ambayo wengine huyajua kwa hisia yeye akayajua kwa kujifunza. Huenda mtu akamcheka mume mwenye daftari la mapenzi. Lakini anayejifunza lugha ya mwenzake ukubwani, neno kwa neno, amefanya kazi kubwa kuliko aliyezaliwa nayo.

Wala mzigo usiwekwe kichwani mwa mke pekee, aambiwe tu asubiri. Somo humfunza mwari kumsoma mume, na ni nadra mume kufunzwa kumsoma mke. Kwa sababu hiyo mwanamke mwenye usonji hupata hukumu kali zaidi: mume asiyefumbua huitwa mpole au mzito, lakini mke asiyefumbua huambiwa hakufundwa. Haki inataka kipimo kiwe kimoja.

Hata haya yote yakitimizwa, kuna kitakachobaki bila ya kulipwa. Ile raha ya kujulikana kabla ya kusema, ya kuinua macho na kukuta mwenzio amekwishaelewa, mke wa nyumba ile huenda asiipate kamwe kwa mumewe, na ana haki ya kuihuzunikia. Mume naye huenda asiipate raha ya kupumzika bila ya kuchunga asije akakosea. Kuyataja haya si kukata tamaa ya ndoa. Ni kuitendea ndoa uwazi ule ule unaotakiwa kwa wanandoa.

Basi siku nyingine, jioni, mume anarudi na kuuliza hali. Mke analishika neno salama mdomoni, kisha analiacha. “Si salama,” anasema. “Leo ni mwaka tangu alipokufa shoga yangu. Njoo ukae hapa.” Mume anaweka mkoba chini na anakuja. Haulizi zaidi, kwa kuwa hajui la kuuliza, na mke hangoji aulizwe. Kabla ya alfajiri anasikia madumu yakijazwa uani, na safari hii anajua yanasema nini.