Huruma na Maarifa

Mgonjwa mahututi akikuomba maji, utampa au utamnyima? Moyo husema, "Mpe," maana kumnyima mwenye kiu ni ukatili. Lakini, msomaji, fikiri kwanza juu ya kazi ya koo. Njia ya chakula na njia ya pumzi zimepakana. Mtu mwenye afya amezapo, njia ya pumzi hujifunga kwa muda mfupi, tonge likapita salama. Kiharusi, au mpira wa kupumulia uliokaa kooni siku nyingi, huweza kuvuruga utaratibu huo. Maji yakaingia mapafuni na kuleta homa ya mapafu. Tena wako wanaopaliwa bila kukohoa, hata kimya chao si ushahidi wa usalama.

Kwa hiyo muuguzi aliyefunzwa hupima kwanza. Hutazama kama mgonjwa yu macho na aweza kuketi wima. Kisha humpa maji kijiko kimoja kimoja, akisikiliza kikohozi au sauti yenye majimaji. Akiona shaka, humwita mtaalamu, na wakati wa kungoja husafisha na kulainisha kinywa cha mgonjwa.

Utasema huku ni kuchelewesha wema. Sivyo. Kumpa maji bila kupima ni kuufurahisha moyo wako. Kumnyima bila kupima ni kumtesa kwa hofu yako. Katika yote mawili umejitazama mwenyewe, hukumtazama mgonjwa. Mkono wa huruma hauna budi kuongozwa na jicho la maarifa.