Mtoto Hutengenezwa kwa Ajili ya Nani?



Mara kwa mara tunasikia habari za pacha waliozaliwa wameungana, na madaktari wakafaulu kuwatenganisha. Novemba 2016 ilikuwa zamu ya majirani zetu wa Kenya. Watoto wawili wa kike, walioungana sehemu ya chini ya mgongo, walitenganishwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kwa upasuaji uliochukua saa 23. Watu walishangilia, na ilistahili. Lakini shangwe zetu aghalabu huishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Ni wachache wanaouliza ni nini kinafuata, ingawa ndipo penye swali gumu la dhamiri ambalo nataka tulitazame pamoja.

Yafaa kwanza tuielewe kazi yenyewe. Pacha wakigawanywa, kila mmoja hubaki na jeraha kubwa wazi mahali palipokuwa na mwili wa mwenzake, wala hana ngozi ya kulifunika. Kwa hiyo, wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, mara nyingi madaktari huingiza vifuko vya mpira chini ya ngozi ya watoto na kuvijaza maji ya chumvi kidogo kidogo. Ngozi hutanuka, kama ya tumbo la mama mjamzito, na siku ikifika huvutwa kufunika jeraha. Walioungana nyongani, mifupa ya nyonga zao huwa imeachana kwa mbele. Hukatwa na kusogezwa ili ikutane. Wapo wasio na njia ya kawaida ya haja kubwa. Hao hutobolewa tundu tumboni na kuvaa mfuko, mpaka njia nyingine itengenezwe. Wapo pacha wenye miguu mitatu kwa wote wawili; nyama na ngozi ya ule wa tatu huweza kutumiwa kuziba majeraha, na kila mtoto akabaki na mguu mmoja.

Tena mtoto hukua, bali kovu halikui sawasawa na mwili. Hukaza, huvuta, huzuia kiungo kunyooka, na hapana budi lifunguliwe tena. Mguu wa bandia aliopimiwa mtoto wa miaka 3 hautamfaa akifika miaka 6. Basi upasuaji mmoja wa kutenganisha huzaa mwingine, na huo mwingine tena, na miaka mingi ya kurudi hospitali.

Hapa ndipo swali linapoingia. Je, kazi hii yote hufanywa kwa ajili ya nani?

Kuna marekebisho ambayo hayana ubishi. Mtoto aweze kuketi, kutembea, kujisaidia pasipo aibu, moyo wake ulindwe na kifua chenye mifupa: hayo ni mahitaji yake mwenyewe. Lakini kuna marekebisho mengine ambayo lengo lake ni sura tu, ili kovu lisionekane na umbo lifanane na la wengine. Baadhi ya watu husema hayo ni anasa. Wengine husema mtoto asiachwe hata siku moja na alama ya alivyozaliwa.

Nadhani pande zote mbili zinakosea. Si anasa, kwa maana mtoto anayekodolewa macho kila aendapo anaumia kweli, na maumivu hayo si ya kudharauliwa. Lakini tutazame maumivu hayo yametoka wapi. Hayakutoka katika kovu, kwa maana kovu lililopona aghalabu haliumi. Yametoka machoni petu. Tukimlaza mtoto tena mezani ili majirani waache kumshangaa, tumemtoza yeye deni letu sisi. Tumemtibu asiye mgonjwa.

Basi tufanyeje? Naona kipimo kimoja chaweza kutusaidia. Lile lisiloweza kungoja, kama vile ngozi, mfupa na kibofu, wazazi na madaktari hawana budi kuliamua sasa, kwa sababu kuchelewa kutamdhuru mtoto. Lakini lile linaloweza kungoja, na lingoje mpaka mwenye mwili aweze kusema. Huenda akataka. Huenda akasema, “Niacheni hivi, nimezoea.” Yote mawili ni halali, mradi yametoka kinywani mwake.

Hapa Tanzania tuliwahi kuwasikia watu wa namna hiyo wakisema. Maria na Consolata, waliozaliwa Makete mwaka 1996, waliishi wakiwa wameungana sehemu ya chini ya mwili. Walisoma mpaka kidato cha sita, wakaingia chuo kikuu Iringa, wakifariki tarehe 2 Juni 2018 wakiwa na umri wa miaka 21. Walipoulizwa, walisema wazi kwamba hawakutaka kutenganishwa. Watu wengi waliowaona walidhani wanatazama tatizo linalongoja daktari, kumbe walikuwa wanatazama wasichana wawili wenye mipango ya kuwa walimu. Kwa upande mwingine, Ladan na Laleh Bijani wa Iran, walioungana vichwa, walitaka sana kutengana. Wakiwa na miaka 29, na baada ya kuambiwa hatari yake, walikwenda Singapore, wakafariki wote wawili katika upasuaji tarehe 8 Julai 2003. Hatuwezi kusema hawa walikuwa na hekima na wale hawakuwa nayo. Wote walikuwa na haki ileile ya kuulizwa.

Lakini wachanga hawawezi kuulizwa, na kuna kesi iliyoonyesha jambo hili kwa uchungu mkubwa. Agosti 2000 walizaliwa Manchester, Uingereza, pacha wa kike ambao mahakama iliwaita Jodie na Mary ili kuficha majina yao. Moyo na mapafu ya Mary havikuweza kumtegemeza. Aliishi kwa damu iliyosukumwa na moyo wa Jodie. Madaktari walisema wakiachwa hivyo watakufa wote katika muda wa miezi michache, na wakitenganishwa Mary atakufa palepale. Wazazi, Wakatoliki kutoka kisiwa cha Gozo, Malta, walikataa. Askofu Mkuu wa Westminster, Cormac Murphy-O'Connor, aliiandikia mahakama kuwaunga mkono. Tarehe 22 Septemba majaji wa rufani waliruhusu upasuaji; ukafanyika Novemba, Mary akafa, Jodie akaishi.

Tangu hapo watu wamebishana kama ni haki kumwua mmoja ili kumponya mwenzake. Ni mabishano mazito, nami sitayamaliza katika ukurasa huu. Nataka tuone sehemu iliyosahauliwa. Wazazi wale hawakuhofia kifo cha Mary peke yake. Waliiambia mahakama pia kwamba Jodie angehitaji upasuaji mwingine na matunzo ya miaka mingi, na kwamba kisiwani kwao hayakuwapo mambo ya kumtosheleza mtoto wa namna hiyo. Kwa maneno mengine walikuwa wakiuliza: mkishamkata, nani atabaki nasi? Tunaowalaumu wazazi kwa woga wao, yatupasa tujiulize kama sisi majirani tungekuwa jibu la swali hilo.

Mtu aweza kusema, na ana haki ya kusema, kwamba fedha za mtoto mmoja kwenda hospitali mara kumi zingewatibu watoto wengi wenye malaria. Ni kweli. Lakini hoja hiyo yapasa isemwe kabla ya kuanza. Tukikwisha kuwatenganisha watoto, tumejifunga. Aliyembomolea mwenzake ukuta ili amtoe ndani hana ruhusa kumwacha nje mvuani kwa kisingizio kwamba matofali ni ghali. Kutenganisha bila kurekebisha ni kazi nusu, na mzigo wa nusu iliyobaki humwelemea mtoto.

Katika parokia ya Biddenden, mkoa wa Kent huko Uingereza, kuna masimulizi ya kale ya dada wawili walioungana, wanaosemekana kuzaliwa mwaka 1100. Mmoja alipokufa, mwenzake alikataa kutenganishwa na maiti yake, akafa baada ya saa chache. Wanahistoria wanatilia shaka tarehe hiyo. Lakini shamba wanalosemekana kuliachia kanisa lilikuwapo, na kutokana nalo maskini wamegawiwa mkate na jibini kila Pasaka kwa karne kadhaa. Hayo ndiyo ninayotaka tuyaangalie: walioonwa kuwa kioja waliacha sadaka inayorudi kila mwaka.

Michango yetu sisi si hivyo. Bahasha ikipitishwa kwa ajili ya mtoto anayepelekwa India au Riyadh, hujaa. Akirudi na bendeji, twaenda kumwona mara moja. Mwaka wa tatu, mama yake anapotafuta nauli ya kumpeleka kliniki, yuko peke yake, nasi twasema, “Si tulikwisha kumchangia?”

Basi nashauri mambo mawili madogo. La kwanza, tunapomchangia mgonjwa wa namna hii, sehemu ya fedha itengwe tangu siku ile kwa ajili ya miaka ijayo, na mtu mmoja atajwe wa kufuatilia. La pili halina gharama. Tuwafundishe watoto wetu kumwamkia mwenye kovu kwa jina lake na kumwita mchezoni, na sisi wakubwa tuache kumwuliza mama yake mbele za watu, “Huyu alifanyaje?” Wazee walisema hujafa hujaumbika, hakuna kati yetu ajuaye mwili wake utakuwaje kesho.

Madaktari wana uzi wa kushona ngozi. Upasuaji wa macho yetu hawauwezi. Huo tumeachiwa wenyewe.