Haki ya Kuchagua Shule

Ya kwamba mzazi ana haki ya kumchagulia mtoto wake shule, hakuna Mkatoliki awezaye kubisha. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliliandika jambo hili waziwazi mwaka 1965, katika tamko lao juu ya elimu ya Kikristo. Lakini haki ni kitu kimoja, na uwezo wa kuitumia ni kitu kingine.

Tutazame mji wa San Antonio, katika jimbo la Texas huko Marekani, ambako shauri hili lilifika mpaka Mahakama Kuu ya nchi. Shule za serikali za kule zilitegemea, pamoja na misaada, kodi ya nyumba na viwanja vya mahali penyewe. Edgewood ni mtaa wa mjini, na wenyeji wake wengi wana asili ya Mexico. Alamo Heights ni mji mdogo wa matajiri uliozungukwa na mji ule mkubwa. Mwaka wa masomo 1967–68 watu wa Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali zao. Wale wa Alamo Heights senti 85 tu. Aliyejitoza zaidi alivuna nini? Baada ya kutoa fungu lililotakiwa na jimbo, Edgewood ilibakiwa na dola 26 kwa kila mwanafunzi, na Alamo Heights dola 333. Hata misaada yote ilipoongezwa, mtoto wa Edgewood alitumiwa dola 356, na mwenzake dola 594. Nani atasema ya kwamba maskini hawa hawakujali elimu?

Wazazi wa Edgewood, Demetrio Rodriguez akiwa mbele, walikwenda mahakamani, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Mahakama kuu ya Texas yenyewe ilikuja kulihukumu mpango ule kuwa kinyume cha katiba ya jimbo mwaka 1989, na sheria zilizofuata zimepunguza pengo.

Sasa imeletwa dawa nyingine. Mei 2025 gavana wa Texas alitia sahihi sheria iliyotenga dola bilioni 1, ili wazazi wapate fedha za umma za kulipia shule za binafsi, zikiwamo za Kanisa. Wako wanaoipinga wakisema ya kwamba itazibomoa shule za wote. Lakini baadhi yao walikwisha kuchagua zamani: walinunua nyumba mahali penye shule nzuri, ada ikalipwa ndani ya bei ya nyumba, wala hakuna aliyewaita wabinafsi. Asiyeweza kununua nyumba ile, kwa nini afungiwe njia nyingine? Hapo mimi nasimama upande wa mzazi maskini.

Walakini shule ya binafsi nayo huchagua. Huweza kumkataa mtoto mzito wa kujifunza, na fedha ya serikali huenda isitoshe ada. Tena si kila mtoto aliye na mtu wa kumhangaikia. Yuko ambaye mama yake hufanya kazi usiku, hana nafasi ya kujaza karatasi za maombi. Yuko anayelelewa na bibi asiyejua Kiingereza. Haki ya mtoto huyo haitoki katika bidii ya mzazi wake, alizaliwa nayo. Tukisema, "Mlango ulikuwa wazi, mbona hakuingia?", twamdai yeye deni lisilo lake.

Nasi Wakatoliki tuwe waangalifu hapa, maana fedha hii yatufaa, na mwenye kufaidika si hakimu mwema. Shule ya Kanisa inayoipokea, je, itampokea na yule aliyekataliwa kwingine? Na shule ya serikali ya mtaani, isiyo yetu, itakapopunguziwa fedha, je, tutapiga kelele kwa sauti ile ile tuliyodaia haki ya wazazi?