Kama Mungu Angekuwa Athumani

Kila Jumamosi asubuhi, katika chumba cha wapangaji chini ya ghorofa moja pale Silver Spring, Maryland, nawafundisha Kiswahili watoto wa Watanzania, Wakenya na Wakongomani. Wengine wamezaliwa huku, wengine waliletwa wakiwa migongoni mwa mama zao. Viti ni vya kukunja, ubao ni wa kuazima, na mama mmoja wa Langley Park hutuletea mandazi ambayo mimi ndiye ninayeyagawa. Siku moja niliandika ubaoni methali ya Mungu si Athumani. Sikuwa nimefikiri vizuri. Darasani mna kijana wa miaka kumi na mmoja ambaye jina lake ndilo hilo hilo. Wenzake wakaangua kicheko, naye akasimama, uso umemkunjamana, akauliza, "Mwalimu, kwani mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu, mwanangu. Athumani hapo ni mtu yeyote."

Hakuridhika, na nikiri kwamba hata mimi sikuridhika na jibu langu.

Methali hii kwa kawaida humtoka mtu aliyeonewa kisha akapata. Kaka zake walimdhulumu urithi, leo duka lake limeshika. Wifi zake walimsema kwamba hazai, leo amepakata pacha. Hapo ndipo anapopiga kofi na kusema, Mungu si Athumani! Yaani riziki yangu ingekuwa mkononi mwa binadamu, nisingeionja. Jina la Athumani limetapakaa pwani nzima, na nadhani limechukuliwa kwa wingi wake tu, kama mtu anavyosema Fulani. Kinachokanwa ni zile tabia tunazozijua kwa wagawaji wetu wa duniani: kupendelea, kusahau, kununa, kudai shukrani.

Tazama pia kile ambacho methali inakinyamazia. Haisemi Mungu ni nani. Inasema si nani, ikaishia hapo. Wanazuoni wamejaza vitabu kueleza kwamba Muumba hafanani na kiumbe. Waswahili wamelimaliza jambo kwa maneno matatu, na moja kati ya hayo ni jina la jirani.

Ili kumpoza kijana wangu, niliugeuza mchezo. "Haya," nikasema, "tuseme Mungu ndiye Athumani. Amekabidhiwa enzi yote kwa siku moja, tangu alfajiri hadi magharibi. Afanye nini?" Mikono ikapaa. Mmoja alitaka theluji ianguke kila siku ya mtihani, shule zifungwe. Msichana mmoja alitaka nyanya yake aliyeko Tanga apone miguu. Mwingine, kwa sauti ya chini, alitaka baba yake apate grinikadi. Dua nzuri zote, lakini sikusikia hata moja iliyomtaja nyanya wa mwenzake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mtoto akipewa ngoma ya mbingu ataiwamba vilevile. Mtu mzima naye hatafanya tofauti, ila atatafuta maneno ya kuifunikia.

Lile ombi la grinikadi liliwanyamazisha. Katika eneo hili la Washington, watoto wanajua mambo ya viza kabla hawajajua jedwali la kuzidisha.

Bahati nasibu ya viza ni zao la mji huu. Bunge liliipitisha sheria yake mwaka 1990, Rais George H. W. Bush akaitia saini Novemba mwaka huo, ili mlango ufunguke kwa nchi ambazo wahamiaji wake Marekani ni wachache. Unajaza fomu, unaweka picha, kompyuta inawapanga waombaji kwa nasibu, na wenye namba za mbele ndio wanaoitwa kwenye usaili. Hakuna mjomba wizarani, hakuna barua ya mbunge, hakuna chai ya karani. Ukiitazama kwa jicho la methali yetu, ni jaribio la binadamu kuunda mgawaji asiye Athumani.

Mwaka 2011 jaribio hilo liliumbuka. Watu karibu milioni 15 walikuwa wameomba. Mwanzoni mwa Mei majibu yakawekwa kwenye tovuti, na watu wapatao 22,000 katika pembe mbalimbali za dunia wakasoma kwamba wamechaguliwa. Hata wiki mbili hazikupita, Wizara ya Mambo ya Nje ikatangaza kwamba matokeo yamefutwa. Programu ilikuwa na kosa: zaidi ya asilimia 90 ya waliochaguliwa walikuwa wametuma fomu zao katika siku mbili za kwanza, na sheria inataka nasibu tupu. Baadhi yao walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho hapa hapa Washington. Mwezi Julai Jaji Amy Berman Jackson aliikataa, droo ikarudiwa, majina mapya yakatoka.

Kwa maoni yangu jaji hakukosea. Sheria ilisema nasibu, na ile haikuwa nasibu. Ila kisa hiki kinatufunulia upande wa methali ambao wengi hatuufikii. Athumani ana ubaya wake, lakini akikupokonya andazi anajua amempokonya nani. Kompyuta haikumwona hata mmoja katika wale milioni 15. Iliona namba, ikazipanga, ikazipangua. Ingekuwa haki ya Mungu ni kutopendelea peke yake, basi kompyuta hiyo ingekuwa karibu na uungu kuliko mtume yeyote. Anayepiga kofi na kusema Mungu si Athumani anadai zaidi ya hapo. Anadai kwamba wakati kaka zake wanagawana mashamba gizani, palikuwa na aliyemwona yeye, kwa jina lake, amekaa nje ya mlango. Kutopendelea na kutojali ni vitu viwili, na methali inasimamia cha kwanza huku ikikikana cha pili.

Mzazi mmoja, dereva wa teksi aliyekuja kumchukua mwanawe mapema, alikuwa anasikiliza mlangoni. "Mwalimu," akasema, "mimi nilicheza mara saba nikakosa. Ya nane nikapata. Jitihada haiondoi kudura. Kilichoandikwa kimeandikwa."

Yule msichana wa Tanga akageuka. "Shikamoo, baba. Kama kilikuwa kimeandikwa, mbona ulijaza fomu mara nane?"

Nilimpa andazi la pili papo hapo.

Dereva alicheka, akajibu, "Marahaba, mwanangu. Na kujaza nako kuliandikwa." Huenda alidhani anatania, kumbe amegusa mzozo wa karne nyingi. Wanazuoni wa Kiislamu waliugombania: wako waliosema mja ni unyoya kwenye upepo, wako waliosema mja ndiye mtunzi wa matendo yake, kisha Abu al-Hasan al-Ashʼari akatafuta njia ya kati, kwamba tendo ni la Mungu kwa kuliumba na ni la mja kwa kulichuma. Upande wa Wakristo, Augustino na Pelagio walikwaruzana juu ya jambo hilo hilo mapema zaidi, katika karne ya tano. Sidai kuwa chumba chetu kiliumaliza mzozo huo. Ila ninaona neno moja ambalo dereva alilijua bila kulisema: kudura haisomeki mpaka imekwisha tokea. Siku alipoifungua tovuti kwa mara ya nane ndipo alipoijua yake. Zile mara saba za mwanzo mkononi alikuwa na fomu tu, na fomu ilimtaka ajaze. Ndiyo maana Mtume alipoulizwa na bedui kuhusu ngamia wake alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Mwenye kusema "imeandikwa" kabla ya kufunga kamba anajifanya amesoma kitabu ambacho hajafunuliwa.

Jibu lililonisumbua zaidi lilitoka kwa mtoto mpole wa nyuma, ambaye siku nyingi hasemi. Yeye angetumia siku yake ya uungu kuwafanya watu wote wawe wema.

"Kwa kuwaomba, au bila kuwaomba?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Bila kuwaomba. Wakiombwa watakataa."

"Na wewe mwenyewe utakuwemo?"

Hapo akasita. Hakuwa amejihesabu.

Waswahili wana msemo mwingine, hiari yashinda utumwa, na huusema kwa mambo madogo, kama kumwachia mtoto achague kanzu yake. Mjini hapa msemo huo una uzito wa pekee. Tarehe 16 Aprili ni sikukuu ndani ya Wilaya ya Columbia; wanafunzi wangu wa upande wa Maryland huenda shule kama kawaida, jambo wanalolilalamikia kila mwaka. Siku hiyo, mwaka 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyowaacha huru watumwa wapatao 3,100 wa wilaya hii. Fidia ya hadi dola 300 kwa kichwa ililipwa, na waliolipwa ni mabwana. Katika mabwana wale walikuwamo waumini waliosali kila Jumapili, walioamini kwamba wamemlea mtumwa wao katika adabu. Na kweli mtumwa aliamka mapema, hakujibu kwa ukali, hakuiba. Je, huo ulikuwa wema wake, au wema wa kiboko? Hicho ndicho kitendawili cha mtoto wangu wa nyuma. Mungu angeufanya ulimwengu wote uwe na tabia njema kwa amri moja, angekuwa na mabilioni ya watumwa wenye adabu na asiwe na mwema hata mmoja. Natambua kwamba jibu hili halimfariji mama aliyeuliwa mwanawe na mtu aliyetumia hiari yake vibaya. Sijapata kuona jibu linalomfariji, na wanaomkimbilia nalo makaburini ningependa wanyamaze kwanza.

Kunyamaza si sifa ya mji huu. Mwaka ule ule wa 2011, tarehe 23 Agosti, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha 5.8 kutoka Mineral, Virginia. Minara midogo ya Kanisa Kuu la Kitaifa, jengo lililochukua miaka 83 kukamilika, iliporomoka, na mnara wa George Washington ukapata nyufa. Ulifungwa hadi Mei 2014. Mhubiri wa televisheni Pat Robertson akauliza hewani kama ufa ule haukuwa ishara ya Mungu kwa Marekani. Kwa heshima zote, sikuelewa Mungu huyo aliyeuonya mji kwa mnara alivyoihukumu nyumba ya ibada iliyopigwa saa ile ile. Nilichokielewa ni kwamba Athumani amepanda mimbari. Mungu wake alikuwa na hasira zile zile alizonazo mhubiri, kwa watu wale wale.

Kuna ukuta mmoja mjini ambao hunipa faraja juu ya hili. Ukiingia katika jumba la kumbukumbu ya Lincoln, ukuta wa kaskazini umechongwa hotuba aliyoitoa tarehe 4 Machi 1865 alipoapishwa mara ya pili. Ni hotuba fupi, maneno kama 700. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vinakwisha na upande wake ulikuwa unashinda. Mshindi yeyote angepiga kofi na kusema Mungu si Athumani, tumewaweza! Lincoln hakufanya hivyo. Alisema pande zote mbili zilisoma kitabu kimoja na kumwomba Mungu mmoja, kila upande ukiomba dhidi ya mwenzake, na kwamba hakuna uliojibiwa kikamilifu, kwa kuwa Mungu ana makusudi yake. Dhambi ya utumwa aliiweka juu ya taifa zima, kaskazini na kusini. Mtu huyu hakuwa mfuasi wa kanisa lolote rasmi, na miaka mitatu kabla ya hapo alimzika mwanawe Willie, mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyefia Ikulu. Siku 41 baada ya hotuba, akapigwa risasi.

Tangu nilipousoma ukuta ule siitamki methali yetu kwa wepesi. Sisi humtupia mwenzetu aliyetuzuia: wewe si Mungu. Lincoln aliielekeza kwake mwenyewe na kwa jeshi lililokuwa linashinda kwa jina lake. Maneno ni yale yale, ila kuyasema hivyo kunachoma, na nashuku ndiyo sababu hatuyasemi.

Jumamosi iliyofuata kijana wangu mwenye jina la ubishi aliwahi kuliko wenzake. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono mfukoni.

"Mwalimu, nimefikiri. Mungu si Athumani, sawa. Lakini siku ile nani aligawa mandazi?"

"Mimi."

"Ulimpa yule mawili. Mimi niliuliza swali kabla yake, hukunipa hata moja."

Nilitafuta la kumjibu, nikakosa. Nikamnyooshea chaki. Akafuta jina lake ubaoni, akaandika langu kwa herufi kubwa zilizopinda, na hadi muhula ulipokwisha darasa lile lilisoma hivyo: Mungu si Mwalimu.