Bima, Uzazi na Nafaka ya Mke

Tumeletewa suali ambalo latutaka tulijibu wazi wazi. Wako wanaume katika miji yetu ya pwani ambao wakiambiwa wawalipie wake zao bima ya afya ya serikali, husema: "Bima ni haramu." Kisha siku za kujifungua hufika, na mume hana bima wala hana akiba.

Hatukatai kuwa bima ya biashara ina gharari na riba. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Jidda mwaka 1985 iliikataza. Lakini baraza hiyo hiyo iliikubali bima ya kusaidiana. Na kabla yake, mwaka 1965, wanazuoni waliokutana Al-Azhar waliijuzisha bima ya kusaidiana na ile ya kijamii iendeshwayo na serikali. Jee, huyu mwenye kuharamisha amesoma nusu ya fatwa, nusu akaiacha? Mfuko ulioanza Kenya Oktoba 2024, ukashika mahali pa NHIF ya mwaka 1966, hauna wenye hisa wa kugawana faida. Ni mchango uliolazimishwa na sheria. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Huu wafanana zaidi na desturi ya Maash'ari, ambao chakula kikiwapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (s.a.w.) akawasifu. Na kama mtunzaji wa fedha hizo ataziweka penye riba, dhambi ni juu yake, si juu ya mwenye mimba.

Wengine hutuletea Minhaj ya Imamu Nawawi. Ni kweli, vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi vyasema kuwa dawa na ujira wa tabibu si juu ya mume. Lakini Wamaliki wameuhesabu ujira wa mkunga katika nafaka ya mke. Na katika wanazuoni wa zama zetu, Sheikh Wahba Zuhaili wa Sham ameeleza kuwa matibabu leo ni haja kama chakula, basi yamlazimu mume. Nasi twaona hiyo ndiyo haki. Mimba si homa iliyompata mke peke yake. Mtoto atanasibishwa na babake. Na ajabu ni kuwa huyu ashikaye Minhaj mbele ya tabibu, siku ya arubaini hupata fedha za mahema na biriani ya mtaa mzima, jambo ambalo hakuna kitabu kilichomlazimisha.

Na jambo lenyewe si la mzaha. Kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa ni katika mambo makubwa yauayo wazazi, na mwanamke aweza kufa katika muda wa saa mbili. Muda huo hautoshi kumtafuta mume barazani, kisha kuzunguka kwa jamaa kukopa, kisha kutafuta gari. Wala si wakati wa kuuliza kama daktari ni mwanamume. Akikosekana mwanamke, dharura imeruhusu.

Wako pia wanaodhani kuwa uzazi bado ni bure kama ilivyotangazwa Juni 2013. Mpango wa Linda Mama umekwisha kuingizwa katika mfuko mpya, na mfuko huo wataka mchango. Kujiandikisha peke yake hakutoshi: asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kisha hutakiwa alipe ya mwaka mzima mbele. Kwa viwango vya 2024, aliyelipa, hospitali hulipiwa shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Basi mwenye kungojea uchungu ndipo atafute, amechelewa.

Na fukara asiyeweza? Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mafukara ndio wa mwanzo kutajwa katika makundi manane ya zaka. Wenye kutoa zaka katika kila mtaa wawaulize wakunga na mabibi wa nyumba ni nani wenye mimba wasiolipiwa, na wawape kiasi hicho mapema, kabla ya mwezi wa tisa.